Michezo Nayo ni Fani ya Ufundi: Mhadhara kwa Waliomaliza Sekondari Nakivale na Mbarara

Nasema na wazazi na walimu, na hasa nanyi vijana mliomaliza kidato cha sita hapa Uganda au mliovuka mpaka na Diplôme d'État yenu kutoka Kongo.

Kila mwaka matokeo ya UNEB, baraza la mitihani la Uganda, yanapotoka, nyumba za Mbarara na vijiji vya makazi ya wakimbizi ya Nakivale, kuanzia Base Camp hadi Juru na Rubondo, huulizana swali lile lile: mtoto aende wapi sasa? Majibu yamepangwa kwa ngazi tunayoijua sote. Juu kabisa kuna udaktari, uhandisi na sheria. Chini yake ualimu na uuguzi. Chini zaidi ndiko tulikoweka ufundi: ushonaji, useremala, umakanika, ususi. Michezo haimo katika ngazi hiyo hata kidogo. Kijana akisema anataka kusomea michezo, mzazi husikia kwamba mwanawe anataka kucheza, na mazungumzo huishia hapo. Hoja yangu ni kwamba michezo ni fani ya ufundi kama fani nyingine zinazosomwa kwa mikono. Kwamba hujifunzwa uwanjani, chini ya jicho la aliyebobea. Na kwamba kwa kijana wa makazi ya Nakivale mwenye elimu ya sekondari na mapenzi ya kweli na michezo, njia hii ina busara kuliko nyingi anazosukumwa kuzifuata. Sisemi ni njia rahisi. Ina masharti, na baadhi yake ni magumu.

Tuanze kwa kutenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kucheza ni jambo moja, kufanya kazi ya michezo ni jingine. Joshua Cheptegei aliposhinda dhahabu ya mita 10,000 Paris mwaka 2024, Waganda walimwona mtu mmoja akivuka mstari. Nyuma yake kulikuwa na kocha aliyepanga wiki zake za mazoezi, wakimbiaji wenzake wa kambini, wataalamu wa kukanda misuli na kutibu majeraha, na waandaaji wa mashindano waliopima njia, kuweka saa na kuandika matokeo. Mkimbiaji wa kiwango chake hupatikana mara chache katika kizazi kizima, lakini wale wa nyuma huhitajika katika kila shule, kila klabu na kila mashindano ya kata. Kijana anayejenga maisha yake juu ya tumaini la kuwa Cheptegei amecheza kamari. Anayejifunza kupanga mazoezi, kuchezesha mechi, kutoa huduma ya kwanza, kutunza uwanja na kuendesha mashindano amejifunza kazi. Na kwa kuwa nimeitaja kamari: vibanda vya kubeti vimejaa katika miji yetu, na vijana huacha humo fedha zao kwa mechi za Uingereza na Hispania. Uchumi wa michezo tayari upo kati yetu. Tunachokosa ni watu wanaopata riziki yao humo badala ya kuiacha humo.

Kwa nini nasema fani hii hujifunzwa kwa vitendo? Chukueni mfano wa majeraha, maana ndipo ujuzi wa kocha unapopimika. Wataalamu wa tiba ya michezo wa FIFA, wakishirikiana na watafiti wa Norway, walitunga mazoezi ya kupasha mwili moto yanayoitwa 11+: dakika 20 hivi za kukimbia, kuruka, kutua, kusimama kwa mguu mmoja na kuimarisha misuli ya paja na kiuno. Hayahitaji mashine wala ukumbi. Uwanja wa vumbi unatosha. Mwaka 2008 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanywa Norway katika vilabu 125, kwa wasichana 1,892 wenye umri wa miaka 13 hadi 17. Timu zilizofanya mazoezi hayo zilikuwa na majeraha machache kwa karibu theluthi moja, na majeraha makubwa yalipungua kwa karibu nusu. Tafakarini maana yake mahali ambapo msichana akikatika kano ya goti hakuna familia inayoweza kumlipia upasuaji. Mwaka 2013 watafiti wa Kanada wakauliza swali linalotuhusu zaidi: kocha ajifunze vipi mazoezi haya? Kundi moja la makocha lilipewa tovuti na kuachwa lijisomee. Makocha wa makundi mengine walihudhuria warsha na kuonyeshwa kwa vitendo. Timu za makocha waliofundishwa ana kwa ana ziliyatekeleza mazoezi kwa ukamilifu zaidi. Maelezo yalikuwa yale yale, na tofauti ilikuwa katika namna ya kuyapata. Goti linaloingia ndani mchezaji anapotua halionekani kwenye ukurasa. Linaonekana kwa jicho lililozoezwa na mtu aliyesimama kando yako akakuambia, tazama pale.

Mtu ataniuliza, ikiwa uwanja ndio mwalimu, kwa nini kijana alipe ada? Si aokote filimbi aanze tu? Wanaosema hivi hupenda kumtaja Colm O'Connell, mtawa wa Ireland aliyefika shule ya St Patrick's, Iten, nchini Kenya, mwaka 1976 kufundisha jiografia, bila mafunzo yoyote ya riadha, kisha akawa kocha wa mabingwa, akiwemo David Rudisha aliyekimbia mita 800 kwa dakika 1:40.91 London mwaka 2012. Mfano ni wa kweli, ila husimuliwa nusu. Alipofika Iten alimkuta Peter Foster, mwalimu kutoka Uingereza aliyekuwa akifundisha riadha shuleni hapo, akawa msaidizi wake kabla ya kuachiwa kazi. Huo ndio uanagenzi. Alikuwa na mwalimu aliyemtangulia, wanafunzi wa kuwatazama kila siku, na shule iliyomvumilia kwa miaka. Kijana wa Nakivale akiokota filimbi peke yake hana hata kimoja kati ya hivyo. Atarudia makosa ya kocha aliyemfundisha yeye: kuwakimbiza watoto raundi kumi kama adhabu, kumrudisha uwanjani aliyegongwa kichwa, kuwanyima maji ili wawe wagumu. Mafunzo ya ufundi yaliyopangwa vizuri humpa kwa miezi michache kile ambacho Iten ilimpa O'Connell kwa bahati.

Fani hii pia ina ngazi zake rasmi, jambo ambalo wazazi wengi hawalijui. Katika soka, Shirikisho la Afrika lina leseni za ukocha zinazoanzia D, kisha C, B na A, na hapa Uganda kozi zake huendeshwa kupitia FUFA, shirikisho la soka la nchi. Riadha ina mfumo wa vyeti vya makocha wa World Athletics. Waamuzi nao hupanda madaraja yao, kuanzia mechi za watoto. Kwa upande wa serikali, Uganda ina mfumo wa sifa za ufundi unaompima mtu kwa anachoweza kufanya, na Kurugenzi ya Mafunzo ya Viwanda, DIT, ilikuwa ikitoa hati ya Worker's PAS kwa watu waliojifunza kazi nje ya darasa. Sheria ya elimu na mafunzo ya ufundi (TVET) ya mwaka 2025 imeanzisha bodi ya UVTAB ya kusimamia tathmini za ufundi. Jirani zetu Tanzania wamekwenda mbele zaidi: katika wilaya ya Kwimba, mkoani Mwanza, kuna Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya, chuo cha serikali kilichosimama kwa ajili ya kazi hii. Kwa hiyo anayesema michezo haina shule anasema habari za mtaa wake. Kusini-magharibi mwa Uganda ndiko njia iliko nyembamba, na swali ni kama tutaipanua.

Kwa nini basi nasisitiza Nakivale? Makazi haya yalifunguliwa mwaka 1958 kuwapokea Wanyarwanda, na leo wanaishi humo Wakongo, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia na wengine, zaidi ya watu laki moja, sehemu kubwa yao watoto na vijana. Mji wa Goma huko Kongo ulipoanguka mikononi mwa waasi wa M23 Januari 2025, na Bukavu mwezi uliofuata, watu wengine wakavuka kupitia Kisoro, wakapokelewa katika kituo cha Nyakabande, na wengi wao wakaletwa huku. Mtoto aliyefika hivyo anahitaji chakula, dawa na shule, na pia anahitaji saa moja kwa siku ambayo mwili wake unakuwa wa kwake, penye kanuni zinazoeleweka na mtu mzima asiyebadilika. Mashirika yameliona hili. Olympic Refuge Foundation, iliyoanzishwa mwaka 2017, ilizindua nchini Uganda mwaka 2020 mpango wa Game Connect, wa kutumia michezo kusaidia afya ya akili ya vijana wakimbizi na wenyeji wao. Lakini miradi ina mwanzo na mwisho, na fedha zikikauka wakufunzi waliotoka nje huondoka na mipira hubaki bila hewa. Ujuzi uliomo kichwani na mikononi mwa mkazi wa Rubondo hauondoki na gari la mradi.

Tena kuna kazi ambazo mkazi pekee anaziweza. Fikirini habari ya wasichana. Baba wa Kisomali, au mlokole wa Kikongo mwenye msimamo mkali, hawezi kulaumiwa kirahisi akikataa binti yake afundishwe na mwanamume asiyemjua, katika uwanja ulio wazi, jioni. Hotuba juu ya haki za wasichana hazitambadilisha baba huyo. Atakayembadilisha ni mama au dada anayefahamika kijijini, anayejua mavazi yanayokubalika, anayejua saa ambazo wasichana wako huru baada ya kuteka maji, mwenye cheti na mwenye adabu. Kocha mwanamke mmoja mwenye ujuzi huwafungulia uwanja wasichana wengi ambao bila yeye hawangeugusa. Na makocha hao hawatatoka Kampala. Ni lazima wawe wasichana wa hapa hapa, waliomaliza sekondari, waliofundishwa wakapewa mahali pa kufanyia kazi. Hali ni hiyo hiyo kwa watu wenye ulemavu, ambao vita vimewaongeza: mpira wa wavu wa kuketi unahitaji wavu ulioshushwa, sakafu au mkeka, na mkufunzi anayejua kanuni. Mkufunzi huyo ndiye adimu kuliko wavu.

Sasa nije kwenye pingamizi lenye uzito kuliko yote. Mwaka 2025 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, kwa kukosa fedha, liliwaondoa karibu wakimbizi milioni moja wa Uganda kwenye mgao wa chakula. Mzazi aliyefutwa kwenye orodha ana haki ya kuuliza: mwanangu atakula filimbi? Swali hili silipuuzi, na sitalijibu kwa ahadi. Kocha wa watoto katika makazi leo mara nyingi hujitolea, au hupewa posho ndogo mradi unapokuwepo. Anayeingia fani hii kwa kutegemea utajiri wa mwaka wa kwanza atakata tamaa. Lakini tuulize pia fani nyingine zimefanyaje. Mashirika yamefundisha ushonaji na ususi kwa miaka mingi katika makazi mengi, na mahali ambapo kila kijiji kina mafundi wa kutosha, fundi mpya hugawana na mwenzake wateja wale wale wasio na fedha. Wateja wa mtu wa michezo wako kwingine, na wengi wako Mbarara: shule binafsi zinazotafuta mwalimu wa michezo, vilabu vya mazoezi, hoteli zenye mabwawa ya kuogelea zinazohitaji waokoaji na wakufunzi, akademia za watoto, mashindano yanayohitaji waamuzi. Mtaala mpya wa sekondari ya chini, ulioanza mwaka 2020, umeweka elimu ya viungo kuwa somo la lazima katika vidato vya kwanza, na shule nyingi hazina mtu aliyeandaliwa kulifundisha kwa vitendo. Mwaka 2027 Uganda, Kenya na Tanzania zimepangiwa kuandaa Kombe la Mataifa ya Afrika. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya kufanya kazi, haki ambayo wenzake katika nchi nyingi hawana. Haki bila ujuzi unaouzika haina faida, na ndiyo maana ushauri wangu kwa kijana ni kushika fani mbili: michezo pamoja na nyingine inayoleta fedha ya kila siku, iwe kushona jezi, kutengeneza simu au kilimo cha mboga. Anayekuambia uache vyote ufuate mpira hakupendi.

Pingamizi la pili ni la heshima. Inasemekana ufundi ni wa walioshindwa, na aliyepata pointi nzuri kidato cha sita aende chuo kikuu. Chuo kikuu ni chema, nami simzuii mtu. Mbarara ina Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, kilichoanzishwa mwaka 1989, kinachofundisha fiziotherapia; Kyambogo kuna shahada za michezo. Lakini nafasi za ufadhili ni chache. Takwimu za UNHCR za mwaka 2023 zilionyesha kuwa takriban asilimia 7 tu ya vijana wakimbizi duniani ndio waliokuwa katika elimu ya juu, na lengo la dunia ni asilimia 15 ifikapo 2030. Hata lengo likitimia kwa ukamilifu, vijana 85 kati ya 100 watabaki nje. Kuwaambia hao wangoje ufadhili mwaka baada ya mwaka, wakikaa vibarazani na vyeti vyao vya kidato cha sita, ni kuwapotezea umri ambao mwili na akili vinajifunza kwa kasi. Aliyemaliza sekondari ana akiba ambayo fani hii inaihitaji: biolojia ya misuli na moyo, hesabu za kupanga mizunguko ya mazoezi, uwezo wa kuandika ripoti na kusoma kanuni. Na aliyeanza na ufundi anaweza kupanda baadaye. Mwanafunzi wa fiziotherapia aliyewahi kufunga bandeji mia moja uwanjani hataanza sawa na yule ambaye hajawahi kugusa kifundo kilichovimba.

Lugha nayo ni kikwazo ambacho hakisemwi vya kutosha. Kozi nyingi za Uganda hufundishwa kwa Kiingereza, na kijana aliyesoma kwa Kifaransa Bukavu au Uvira hukaa nyuma akionekana mzito wakati ni lugha tu inayomfunga. Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2022, na uwanjani Nakivale Kiswahili tayari ndicho kinachowaunganisha Mkongo, Mrundi na wengineo. Miongozo ya ukocha na huduma ya kwanza ingetolewa kwa Kiswahili, gharama yake ingekuwa ndogo na faida yake ingeonekana msimu ule ule. Kuhusu vyeti vya Kongo, mwenye Diplôme d'État anapaswa kuipeleka UNEB ilinganishwe mapema, kabla ya kuomba nafasi popote, kwa sababu wengi hukwama mlangoni kwa kulichelewesha hilo.

Yapo mambo yanayonitia wasiwasi, na yanahusu ubora. Kozi mbovu ya michezo ni hatari kuliko kukosa kozi. Mkufunzi hushika miili ya watoto na huaminiwa nao. Kwa hiyo somo la kwanza, kabla ya mbinu yoyote, liwe ulinzi wa mtoto: hakuna kukaa naye faraghani, hakuna zawadi za siri, na kila mzazi ajue malalamiko yapelekwe wapi. Pia mipaka ya kazi iheshimiwe. Mwenye cheti cha huduma ya kwanza azuie damu, atulize mguu uliovunjika, amtoe uwanjani aliyepata mtikisiko wa ubongo na ampeleke kituo cha afya. Asijiite daktari, asinyooshe mifupa, asiuze sindano. Na kozi isiyo na uwanja, inayomaliza wiki zake zote kwa kunakili maandishi ubaoni, isikubaliwe hata kama cheti chake kina mhuri unaong'aa.

Kwa hiyo nina ombi kwa wenye vyuo vya ufundi Nakivale na Mbarara, kwa FUFA na mashirikisho mengine, na kwa wasimamizi wa uwanja wa Kakyeka na wa viwanja vya shule. Ufundi wa michezo uingizwe katika orodha ya fani zenu, wenyeji na wakimbizi wasome pamoja, nusu ya nafasi wapewe wasichana, na kila mwanafunzi apewe timu halisi ya kuhudumia kwa msimu mzima chini ya msimamizi anayejibika. Nanyi vijana, kabla ya kulipa shilingi moja, ulizeni maswali manne: nani atanipima, cheti chake kinatambuliwa na nani, nitakuwa uwanjani saa ngapi kwa wiki, na nani atasimama kando yangu nikikosea. Mkipata majibu yaliyo wazi, jiandikisheni, na wazazi wenu wawape baraka. Mkikosa, shikeni fedha zenu na mwendelee kudai.